Pale Widad Alipopandisha

Kwetu mjini Konstantina, ukiimba mbele ya watu wazima, kabla hujapewa hata kikombe cha kahawa utaulizwa: umepokea kwa nani? Jina lako halina kazi. Linatakiwa jina la mwalimu wako, na la mwalimu wa mwalimu wako, mpaka mfike kwa mzee fulani aliyekufa kabla Wafaransa hawajaondoka. Nyimbo za maluf, muziki wa kale wa mji wetu, hatukuzikuta kwenye karatasi. Tulizipokea mdomo kwa mdomo, na mdomo usio na ukoo hausikilizwi. Mimi Hasiba nimeulizwa swali hilo tangu nina miaka saba, na jibu langu ni moja, Wasila Benkara. Leo nataka nimseme mwenyewe, maana waliomsema msibani kwake walimfanya malaika, na malaika hakuwa.

Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Asubuhi alifundisha hesabu darasa la tatu katika shule ya mtaani kwetu, na kila Alhamisi alasiri alitufundisha sisi wasichana fidla na uimbaji katika chumba cha juu cha jumuiya yetu ya muziki. Fidla tuliisimamisha gotini kama walivyofanya wazee, na aliyeiweka begani alipigwa kofi la bega hilo hilo. Mumewe alifariki mtoto wao akiwa na miaka miwili. Wachumba walikuja, wengine wenye maduka, akawajibu wote jibu moja: "Mkono huu una fidla, huu una mtoto. Huyo mume nitamshika kwa nini, kwa meno?"

Huyo mtoto alikuwa Widad, rika langu. Tulikaa pamoja mkeka mmoja tangu utotoni. Ncha za vidole vya mama yake zilikuwa ngumu kwa ajili ya nyuzi, na Widad alikuwa akinong'ona, "Mama akinipapasa shavu, ananikwaruza," halafu anamsogezea shavu tena. Mimi nilikuwa na sikio, yeye alikuwa na sauti. Ukinipa wimbo nilikurudishia kama ulivyonipa, bila kupunguza wala kuongeza. Widad alikurudishia na kitu juu yake.

Katika nuba moja, ule mfululizo mrefu wa nyimbo ambao ndio fahari ya mji wetu, kuna mahali mwimbaji anawaaga majirani zake. Kwenye neno lile, majirani, sauti inatakiwa ishuke ngazi tatu, itulie. Widad alishuka ngazi mbili, akapanda kidogo, ndipo akashuka. Alifanya hivyo tangu ana miaka minane. Alipokuwa mdogo mama yake alicheka, akambusu utosini na kumwambia, "Umekosea, roho yangu." Alipofika miaka kumi na tisa, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Ilikuwa msimu wa maua ya mchungwa. Ijumaa alasiri kulikuwa na onyesho, wageni wametoka miji ya Tlemsani na Aljeri, na Widad ndiye aliyepewa kuimba peke yake. Alhamisi asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, tulikuwa jikoni kwao. Mtungi wa kuchemshia maua ili kukusanya maji yake ya manukato ulikuwa motoni, nyumba nzima inanukia, na Wasila amesimama kando yake na kijiko cha mbao.

"Tena," alisema.

Widad akaimba. Ikapanda.

"Tena."

Ikapanda. Nilihesabu mpaka arobaini, nikaacha.

"Mama, mimi naisikia hivi."

"Nani kakuuliza unavyosikia? Nakuuliza ulivyopokea."

"Nimepokea kwako."

"Kwangu? Hebu nitolee uongo hapa. Mimi sijaimba upuuzi huo tangu nizaliwe. Tena."

"Mama, nimechoka. Mdomo wangu ndio huu. Kama huutaki, mpe Hasiba, huyo kasuku wako."

"Nitampa. Unadhani nitashindwa? Hasiba, imba."

Nikaimba. Sauti yangu ikashuka ngazi tatu, ikatulia.

"Sahihi," akasema Wasila.

Nitasema kweli, kwa sababu nimekaa nayo miaka mingi: nilifurahi. Tangu utoto nilikuwa nikilingoja neno lile, na nilifurahi mbele ya macho ya Widad.

Akaiweka fidla yake ndani ya mfuko, taratibu, akavaa koti. Shangazi yake Bahija alikuwa anarudi kwake Setif na mumewe siku ile ile, gari lina nafasi. Mlangoni alisimama kidogo. Nadhani alikuwa anangoja aitwe. Mama yake hakugeuka kutoka motoni.

"Nenda," alisema. "Ukirudi utakaa safu ya nyuma."

Ijumaa niliimba. Niliimba sawasawa, vigelegele vikapigwa mpaka mshumaa wa mbele ukazimika, na wanawake wa Tlemsani wakamshika Wasila mikono wakimpongeza kwa kunifunza. Wakati ule ule nikamwona shemeji yake, Sherifu, mdogo wa marehemu mumewe, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Wanaume hawakuwa wakiingia pale. Wasila alimwona, na bado alikuwa ameshika fidla.

Gari lilikutana na lori kwenye ukungu, njiani kuelekea Setif. Shangazi na mumewe walitoka wazima. Widad hakutoka. Sherifu alikuwa amepata habari tangu adhuhuri. Akafikiri, kwa hekima yake, kwamba angoje kwanza onyesho limalizike.

"Tangu adhuhuri," Wasila alimwambia. "Mwanangu yuko chini ya shuka tangu jana, na wewe umesimama hapo unanisikiliza napiga fidla?"

Hakumpa mkono tena yule bwana mpaka siku bwana huyo alipozikwa. Lakini sisi tuliokuwa karibu naye tulijua kwamba hasira ile kwa Sherifu ilikuwa sehemu ndogo tu. Kubwa lake lilikuwa jikoni, kando ya mtungi. Yale maji ya maua ya mwaka ule aliyafunga kwenye chupa, na chupa haikufunguliwa kamwe.

Arobaini ilipopita alirudi jumuiya. Tulidhani hatatugusia nuba ile. Akakaa, akasimamisha fidla gotini, akaianza. Alipofika kwenye neno majirani sauti yake ikashuka ngazi mbili, ikapanda kidogo, ikashuka. Nikainua kichwa. Hakuna mwingine aliyeinua, maana wengine walikuwa wadogo, hawajafundishwa nuba ile bado.

"Kuna nini, Hasiba?"

"Hakuna kitu, Lala," nikasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita bibi wa kuheshimiwa.

"Basi imba."

Tukaimba, sote, alivyoimba yeye. Na kuanzia siku ile mpaka miaka ishirini na mbili baadaye, kila msichana aliyepita chumba kile alifundishwa kosa la Widad, na alipigwa kofi la bega akilikosea. Wengine walikuja kuwa mama, wakawaleta binti zao, nao wakalipokea. Hata mmoja hakujua ni la nani. Tuliojua tulikuwa mimi na yeye, na hatukuwahi kulisema, hata tulipobaki wawili tu tukipanga mikeka.

Mji ulitucheka, usidhani. Jumuiya ya wanaume ya ng'ambo ya daraja walikuwa wakisema, "Wasichana wa Wasila, wenzao wanashuka wao wanapanda. Wakikualika chakula utapewa tunda kwanza." Akipelekewa maneno hayo alijibu, "Waambie waende hamamu wakasugue masikio." Ila alipoulizwa swali letu lile, hiyo umepokea kwa nani, Wasila aliyekuwa na jibu la kila kitu alianza kutafuta miwani yake.

Kisha ikaja kamati ya kurekodi. Walitaka kuhifadhi nuba zote za mji, mji mzima toleo moja, na mkuu wao alikuwa Sheikh Hamudi, mzee mpole wa miaka themanini, mwenye daftari na mwenye haki. Nasema mwenye haki kwa sababu ningependa kumchukia na siwezi. Walikuja jumuiya kwetu na mashine zao. Tukaimba. Tulipofika kwa majirani akainua kalamu, na mashine ikazimwa.

"Mama Wasila, hapo mnapanda."

"Tunapanda."

"Kila mahali watu wanashuka. Marehemu mwalimu wako alishuka, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Sikatai, pengine kuna njia nyingine nisiyoijua. Niambie tu, hii umepokea kwa nani?"

Nikamtazama Wasila akitafuta miwani. Ilikuwa usoni. Akaigusa, akashusha mkono.

"Kwa binti yangu," akasema. "Widad."

Wasichana wakatazamana, maana wengi hawakujua kama aliwahi kuwa na mtoto.

"Naye alipokea kwa nani?" Sheikh aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwangu. Mimi nilimpa inayoshuka, yeye akanipa inayopanda. Nilimwambia ni upuuzi. Niandikie hivyo hivyo."

Mzee akailaza kalamu juu ya daftari. Machozi yalikuwa yamemlenga, nalisema hilo kwa ajili yake.

"Mama, ukoo wa wimbo hauendi kwa mtoto ukarudi kwa mzazi. Nikiandika hivi leo, kesho kila mtu ataleta la kwake, na hakutabaki kitu. Nisamehe. Siwezi."

Nilidhani atamfukuza. Nilimtaka amfukuze. Lakini Wasila alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na alijua mzee yule anasema alichokuwa akikisema yeye mwenyewe maisha yake yote. Alikisema jikoni, kwa Widad.

"Ni kweli," akajibu. "Ni kosa. Wasichana wangu hawajui nyingine, sikuwafundisha. Yuko mmoja tu anayeijua." Akanigeukia. "Imba, binti yangu. Uliimba vizuri siku ile."

"Lala, usinitume hilo."

"Imba, Hasiba."

Mashine ikawashwa. Nikaimba peke yangu, na kwa mara ya pili nikakaa mahali pa Widad. Nilitumaini koo litanisaliti. Sikio langu la kasuku halikunisaliti. Ilishuka ngazi tatu, ikatulia, kama nilivyoiimba miaka ishirini na mbili nyuma.

"Sahihi," akasema Wasila.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimemshika mkono. Katikati ya daraja, upepo wa bondeni unatupiga, akasimama na kushika chuma.

"Hasiba. Widad alikuwa anashuka mbili ndipo anapanda? Au moja?"

"Mbili, Lala."

"Niimbie. Nimeitafuta tangu tutoke pale, naipata hii yenu inayoshuka tu."

Nikaimba. Ikashuka ngazi tatu. Nikacheka kwa aibu, nikajaribu tena, ikashuka tatu. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na ikashuka tatu, safi kabisa. Niliyejifunza kosa lile kwa miaka yote ile sikuweza kulipata kwa dakika moja aliyoniomba. Watu walikuwa wakipita na mikate yao, wakitutazama.

"Basi," akaniambia. Akanipangusa uso kwa vidole vile vigumu. "Basi, mama. Imeenda."

Alhamisi iliyofuata hakuja darasani, wala ile nyingine. Alilala kitandani amegeukia ukuta, hali chakula. Bahija alitoka Setif akampikia jari, supu yetu ya ngano changa, ikawa inapoa tu kwenye bakuli. Daktari alisema moyo. Nikasema moyoni mwangu, hilo hata mimi ambaye si daktari nalijua. Kilichokuwa kikimwua ni kwamba duniani mtoto alikuwa amebakiza sauti ile tu inayopanda, na yeye kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameiita kosa, mara ya pili.

Alhamisi ya tatu niliwachukua wasichana wote kumi na wanne, nikawapeleka nyumbani kwake na fidla zao. Wakajaa chumbani, wengine wamekaa kizingitini. Bahija akanivuta kando.

"Una wazimu? Mgonjwa anataka kelele?"

"Niache, Bahija. Nikikosea nitatoka nao mwenyewe."

Sikuimba. Sikuthubutu. Niliwapa ishara kwa mkono, wakaianza nuba, wasichana ambao hawakuwahi kumwona Widad hata kwa picha. Wakafika kwa majirani. Wakashuka ngazi mbili, wakapanda kidogo, wote kwa pamoja, bila kufikiri, kwa sababu hawakujua kwamba kuna njia nyingine, wakashuka.

Wasila aligeuka kutoka ukutani. Alituangalia mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu katikati yetu.

"Tena," akasema.

Wakaimba.

"Tena."

Hatukutoka mpaka jua liliposhuka. Kila walipomaliza alisema neno lile lile, kwa sauti ambayo jikoni asubuhi ile hakuwa nayo. Bahija alikaa chini akajifunika uso kwa shela, na mimi nikasimama mlangoni, kama Widad alivyosimama akingoja kuitwa.