Maji ya Shemeji

Fundi bomba alikuwa anaishi na shemeji yake, na shemeji mwenyewe alikuwa mbwa. Msicheke. Mkewe alimleta kutoka kwa kaka zake, kitoto cha kuenea kiganjani, na fundi akasema, "Haya, ukweni wameniletea shemeji." Jina likaganda. Binti yao akawa anamwita Mjomba. Sasa mke ni marehemu, mwaka wa pili huu, binti yuko mbali anapiga simu Jumapili kwa Jumapili, na aliyebaki wa kumjibu fundi mle ndani, hata kama ni kwa mkia, ni Shemeji peke yake.

Basi Shemeji akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mzee aliyevuta sigara maisha yake yote. Daktari wa mifugo, dada mmoja asiyependa maneno mengi, akamsikiliza kifua mpaka fundi akachoka kubana pumzi.

"Baba, valvu moja ya moyo haifungi vizuri. Damu inarudi nyuma, maji yanajaa mapafuni."

Valvu! Hapo alimgusa penyewe. Miaka arobaini fundi alikuwa anabadilisha valvu za watu. Akapewa vidonge vya kumkojosha Shemeji, akaambiwa amhesabie pumzi akiwa usingizini. Zikizidi thelathini kwa dakika, amrudishe haraka. Habari ya maji ya kunywa hakuuliza. Aulize nini, na jambo lenyewe analijua?

Maana alilijua, jamani. Mkewe naye alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali walisema mama apimiwe maji, na fundi akachukua kikombe cha bati, akakwaruza mstari ndani kwa msumari. Hapo ndipo mwisho. Mkewe alikuwa anambembeleza, "Baba, niongezee kidogo tu," naye anamjibu, "Vumilia, mama. Kesho." Alikuwa mkali kwenye mstari ule, mkali kweli, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Akakitoa kikombe kile kile. Bakuli la Shemeji akalipandisha juu ya kabati, akawa anampimia kwenye sahani: asubuhi mpaka kwenye mstari, jioni mpaka kwenye mstari. Utoe maji kwa dawa halafu uache koki wazi? Kazi ya kulipua hiyo! Na kikohozi kikapungua kweli. Pumzi ishirini na nne, kesho yake ishirini na mbili, zote amezichora ukutani kwa chaki. Fundi akavimba kichwa. Shemeji alikuwa anakwenda kwenye kona ya bakuli, anasimama, anatazama kabati, kisha anamtazama yeye.

"Vumilia, Shemeji," anamwambia. "Nakutakia mema."

Siku ya tisa Shemeji akagoma kula. Siku ya kumi akatapika povu, mdomo unanuka vibaya, miguu haimbebi. Fundi akambeba mikononi mpaka kwa daktari, anahema kuliko mgonjwa mwenyewe.

Daktari akapima damu, akarudi na karatasi. "Figo zimeelemewa. Anakunywa maji kiasi gani?"

Fundi akaeleza yote: kikombe, mstari, koki. Daktari akaiweka karatasi mezani.

"Figo ni chujio, baba. Moyo ukichoka, damu inafika kidogo kule. Dawa yangu inavuta maji nje, na hatuwezi kuiacha. Sasa ukimnyima na ya kunywa, chujio linabaki kavu. Mbwa wa dawa hii haondolewi bakuli."

"Lakini mke wangu walisema apimiwe..."

"Mke wako alikuwa na daktari wake." Alilisema kwa upole. "Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia. Sikukuambia."

Nusu ya mji fundi aliwahi kuifokea kwa kuendesha pampu bila maji mpaka ikaungua, na leo yeye, kwa mkono wake. "Atapona?"

"Namtia dripu. Nikiharakisha, mapafu yatajaa. Nikichelewa, figo zitakufa. Nipe siku tatu. Na kusema kweli, sijui."

Siku tatu! Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili tu, lakini alipotea humo. Alimega mkate, akadondosha kipande chini makusudi kama kawaida yake, kipande kikalala pale pale. Mchana akakaa kitini mbele ya saa ya ukutani, akajikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe. Kumi na sita. Akainua chaki, halafu akairudisha mfukoni, maana nani anazihitaji?

Jumapili simu ikalia. "Baba, hujambo? Mjomba je?"

"Yupo," akasema. Uongo mtupu. Alipokata simu alilia, mtu mzima yule, bila hata kujificha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumficha.

Siku ya tatu daktari akamwita. Namba za kipimo cha damu zilikuwa zimeshuka, ila si mpaka chini. "Sehemu ya figo iliyokufa hairudi. Ana miezi, labda mwaka. Pumzi uendelee kuhesabu. Na bakuli lijae saa zote, umenisikia baba?"

"Nimesikia."

Nyumbani, Shemeji hakwenda kwenye mkeka wake. Alijikokota mpaka kwenye kona, akasimama, akatazama kabati. Alikuwa anasubiri apimiwe. Fundi akalishusha bakuli, akajaza kikombe mpaka maji yakamwagika vidoleni, akamimina, akajaza tena, akamimina.

Shemeji akanywa. Fundi akaketi sakafuni na kikombe mkononi, anasikiliza ulimi ukipiga maji. Kwa mkewe alifuata maagizo, hakuna mtu wa kumlaumu, na bado moyo ulikuwa unamuuma kwa vile vikombe vyote alivyoviondoa kabla kiu haijaisha.

Shemeji akainua kichwa, ndevu zinachuruzika, akamtazama kama anayeomba ruhusa.

"Kunywa, mama," fundi akasema. "Kunywa yote."