Chai Niliyowapikia Wakwe kwa Maji ya Mapipa

Walioiona aibu yangu kwa macho wengi wameshazikwa, kwa hivyo naieleza mwenyewe kabla wajukuu hawajaanza kuieleza vibaya. Mimi ndiye yule mzee wa Adungosi aliyewapikia wakwe wino.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mpya, na mimi nilikuwa mtu wa kujulikana mpaka Malaba. Shule sikusoma (nilienda wiki mbili, nikachapwa, nikarudi kwa ng'ombe), lakini kwa kubeba magunia ya pamba pale stesheni nilinunua baiskeli, nikaezeka nyumba kwa mabati, halafu nikachimba kisima ndani ya boma langu, jambo ambalo huko kwetu hakuna aliyekuwa amelifanya. Udongo ulikuwa unabomoka, fundi akasema tujenge ukuta wa matofali ya kuchoma, nikamwambia wewe unatafuta kazi ya mwaka mzima, nikaenda Malaba nikaleta mapipa ya chuma yaliyokuwa ya dizeli, nikayachoma moto yatoke harufu, nikakata juu na chini, nikayashusha kisimani moja juu ya lingine. Watu walikuja kutazama. Nilijiona mhandisi.

Baada ya muda maji yakaanza kuwa na rangi. Nguo nyeupe zikawa za kahawia, na ndoo ikilala na maji, asubuhi unakuta utando mwekundu juu. Nilisema ni udongo wetu tu, ni mwekundu tangu babu zetu, na ushahidi wangu ulikuwa ugali na chai ya nyumbani kwangu, ambayo ilikuwa safi siku zote. Kila nikinywa namwambia mke wangu, unaona maji ya mapipa? Naye ananiongezea kikombe.

Sasa binti yangu Akisa alikuwa amependana na kijana wa Khunyangu, na watu wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kumposa: baba yake, senge yake, yaani dada ya baba, na mjomba wake ambaye alikuwa mwalimu. Walikuwa watu wa kanisa, pombe hawagusi, kwa hivyo itakuwa chai. Akisa alikuwa ameniambia kupitia mama yake kwamba asipoolewa huko hataolewa popote, na mtoto yule hakuwa wa kusema mara mbili.

Asubuhi ya siku hiyo nikazunguka nyuma ya jikoni nikakuta mtungi umefunikwa na majani ya ndizi, maji yake meupe, baridi.

"Haya ni ya wapi?"

"Ya chemchemi, baba Akisa," mke wangu akasema.

Kumbe tangu rangi ianze alikuwa anashuka mpaka chemchemi kila alfajiri, na chai yote niliyoisifu haikuwa na tone la kisima changu. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi niliupiga mtungi teke, maji yakaenda, nikasema leo wageni watakunywa maji ya kwangu.

"Sawa, mzee," akasema. "Watakunywa."

Ningesikiliza vizuri alivyolitamka hilo neno, nisingekuwa na mkasa wa kueleza.

Wageni wakafika. Kabla hawajakaa niliwapeleka kisimani, wakainama, wakatazama, nikawaeleza habari ya mapipa mpaka senge akauliza kama wameitwa kuposa kisima ama msichana. Tukaingia ndani. Chai ikaja, nikaimimina mwenyewe.

Ilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya majani mengi. Nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria yenye masizi. Nikaongeza maziwa haraka, ikawa rangi ya jivu lenye ubluu ndani yake. Hakuna aliyegusa kikombe. Mnajua siku zile sumu ilivyoogopwa, na mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, basi nikanywa kikombe kizima bila kupumua. Ladha yake ilikuwa kama kulamba panga.

Nikasema ni jikoni wamekosea, nikatoka, nikateka maji mengine, nikayachuja kwa kitambaa mbele ya dirisha ili waone, nikaamuru majani yaongezwe mara mbili ili chai iwe na nguvu. Ikaja nyeusi kuliko ya kwanza.

Baba wa kijana akachukua kofia yake. Senge akasema, "Nyumba ambayo maji yanageuka meusi kama usiku mchana kweupe, mimi siipi mtoto wa kaka yangu." Jikoni nikasikia Akisa analia, si kwa sauti, kama mtu aliyeziba mdomo na kitenge. Nikabaki nimesimama na birika mkononi.

Mwalimu peke yake hakusimama. Akaniuliza mapipa yale yana umri gani kisimani, na kama yana kutu. Nikasema yana kutu. Akatoa daftari na kalamu ya kuchovya, akaichovya kwenye kikombe, akaandika. Iliandika kabisa. Akanipa daftari mbele ya watu wote.

"Soma, mzee."

Nilizungusha ile karatasi. Nilikuwa nimewadanganya watu maisha yangu yote kwamba macho yangu ni mabovu. Siku hiyo nikachoka.

"Sijui kusoma, mwalimu."

Akaichukua polepole, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Chai hii haina sumu. Ni kutu na majani ya chai, ndivyo wino hutengenezwa." Kisha akanyanyua kikombe chake, akanywa mpaka chini.

Senge akamtazama kwa muda, kama anayengoja aanguke. Hakuanguka. Senge akasema, "Basi wajukuu zetu hawatanunua wino," na baba wa kijana akaweka kofia chini. Nyinyi hamjui kupumua ni kitu kitamu kiasi gani.

Mke wangu akaingia na birika lingine, chai nyekundu nzuri, inanukia. Nikamwuliza kwa macho. Akaniinamia sikioni: "Mitungi ilikuwa miwili. Nilijua mmoja utaupiga teke."

Akisa aliolewa Khunyangu. Mapipa niliyang'oa mwenyewe, nikamrudisha fundi na matofali yake, maji yakatulia, na sikuyanywa mpaka mke wangu alipoyanywa kwanza.

Miaka baadaye, mvi kichwani, niliingia ngumbaru kujifunza kusoma. Ile karatasi ya mwalimu, niliyomwomba siku ile aichane daftarini, nilikuwa nimeihifadhi sandukuni, maandishi bado meusi. Nikaitoa siku moja nikaisoma herufi kwa herufi, kidole kikitembea chini yake. Haikusema alivyosoma. Ilisema: Mungu nisaidie, sina hakika.

Mwalimu alikuwa ameshakufa. Nilikaa na ile karatasi magotini. Mimi nilijifanya najua ili watu wanitazame. Yeye alijifanya anajua ili binti yangu asilie, akanywa. Tangu siku hiyo, mwanamke wangu akiniambia maji ni mabaya, nauliza tu chemchemi iko upande gani, na mtungi naubeba mimi.