Vidole vya Shemeji Kioo

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, gereji nzima ilimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujinyolea ndevu kwenye mlango wake. Mimi ni mpiga rangi, na banda langu limepakana na sehemu yake ya kuoshea. Mimi napaka, yeye anatunza nilichopaka. Kwa hiyo nikisema alikuwa fundi, sisemi kwa undugu. Undugu wenyewe ulikuwa wa kurushiana maneno tu: yeye aliniita mchafuzi, mimi nilimwita yaya wa magari.

Watu hudhani kuosha gari ni maji, sabuni na nguvu. Ukimwambia Kioo hivyo alikasirika kama umemtukania mama yake. Sabuni ya vyombo hakutaka hata kuiona, maana inaondoa waksi yote na kuiacha rangi uchi. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga alioutoa kwenye gari usirudi kwenye gari. Alianza na paa akishuka, matairi yakawa ya mwisho, tena na tambara lao peke yao. Kitambaa kikianguka chini hakikurudi kwenye boneti mpaka kifuliwe. Siku moja mteja alimwokotea kitambaa, akakikung'uta, akampa. "Bora ungenipiga kofi," Kioo akamwambia, wala hakuwa anatania.

Halafu vidole. Gari likishakauka alifumba macho, akapitisha vidole juu ya rangi polepole, kuanzia boneti mpaka buti. Alipogusa chembe ya lami au utomvu wa mti alisimama hapo hapo akaishughulikia. "Macho yanadanganywa na mng'ao," alikuwa akisema. "Vidole havidanganywi." Na mimi, ambaye simwamini mtu kirahisi, hilo nililiamini.

Kisukari kilipomshika hakumwambia mtu. Dada aligundua mwenyewe, alipomwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na dada yangu akishika methali haiachi. Alimwimbia hiyo asubuhi na jioni mpaka mwenyewe akaenda hospitali ili apumzishe masikio. Daktari alisema ukungu ulioingia machoni hautatoka, dawa ni za kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa jicho moja, linaloona mwanga na vivuli vikubwa.

Alirudi kazini akajifanya mzima. Nani angejua, wakati siku zote alifanya kazi macho yamefumbwa? Lakini waksi haina huruma. Unaipaka, unaiacha ikauke iwe na weupe kama pumzi juu ya kioo, ndipo unaifuta. Usipouona weupe huo, utaifuta kabla ya wakati, au utaisahau kwenye kona. Magari yakaanza kutoka na mabaka chini ya vitasa vya milango, na wateja wakaanza kunung'unika.

Mwenye gereji si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa shida. Alimwita Kioo ofisini, akaniita na mimi kama ndugu. "Mzee wangu," akasema, "nakuheshimu, lakini hapa siwezi kuweka mtu wa kukaa tu."

Nikadakia kabla hajamaliza. "Mdomo wake haujapofuka. Watu wananunua magari kila siku, hawajui hata sabuni gani ya kuoshea. Awafundishe."

Mwenye gereji akajikuna kidevu, akasema haya, tumjaribu kwa mteja mmoja, akiweza atabaki. Tulipotoka nje Kioo alinishika bega. "Shemeji, nikikaa nyumbani nitakufa. Sisemi mafumbo. Nimeshinda hapa maisha yangu yote, sijui mtu anakaaje sebuleni mchana."

"Kwa dada yangu huwezi kufa," nikamwambia. "Hatakupa nafasi, atakuwa anaongea."

Akacheka. Nilifurahi kumsikia, nikaamini kwamba jambo limepata njia.

Huyo mmoja alikuwa mama muuza viatu. Alikuwa amenunua gari lake la kwanza, dogo, jeusi, na mahali fulani walikuwa wamelisugua kwa brashi ngumu likajaa mikwaruzo ya duara. Alisema hampi mtu tena, ataliosha mwenyewe. Kioo alikuja na shati lililopigwa pasi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama akawa anaosha, yeye anasikiliza tu.

"Hapo hukusuuza sponji. Umerudi ndoo ya sabuni moja kwa moja."

"Umejuaje, mzee?"

"Maji ya kusuuzia sikuyasikia."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Mwenye gereji alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, anatikisa kichwa kukubali. Niliingia bandani kuchanganya rangi, roho yangu nyepesi. Gari nililokuwa nalichanganyia rangi hiyo nilikuwa nimeliegesha nje, kivulini. Nilikuwa nimelipaka praima, ile rangi ya chini, na kulipiga msasa, likiwa la kijivu tupu, linangoja kupakwa rangi mchana.

Waksi haipakwi juani, na kivuli pale ni kimoja. Mama akalisogeza gari lake jeusi, akaliweka ubavuni mwa lile langu. Kioo akafuata akipapasa ukuta, akafika kwenye gari la kwanza lililokuwa mbele yake, akafungua kopo.

Nilipotoka nilimkuta ameshapaka nusu ya boneti. "Kidogo tu, mama. Wengi wanabandika kama siagi. Sasa gusa hapa ambapo sijapaka. Unasikia ilivyo laini? Hiyo ndiyo rangi iliyooshwa vizuri."

Mama muuza viatu akagusa. Praima iliyopigwa msasa inakwaruza kama chaki. Hata mtoto angejua. Alitupa macho huku na huku akitafuta mtu wa kumwokoa, halafu akasema kwa adabu, "Ndiyo, mzee. Laini kabisa."

Praima ikishaguswa na waksi, rangi haishiki; inakimbia na kuacha vitundu. Ndiyo maana nilipiga kelele kama mpiga rangi kabla sijakumbuka kwamba mimi ni shemeji. "Kioo! Hilo ni langu! Halina rangi hilo!"

Mkono wake ukasimama. Hakuuliza lipi. Alirudisha vidole kwenye boneti ile ya kijivu, akavipitisha polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa kucha. Akasogea pembeni akalitafuta lile jeusi, lililotoka kuoshwa, akapitisha vidole pale. Akarudi kwenye la kijivu. Akaenda tena kwenye jeusi. Tulimwangalia wote.

"Ni mamoja," akasema. "Shemeji, kwangu yote ni mamoja."

Mwenye gereji akaingia ofisini, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Mama alisema waendelee, kwake hakuna kilichoharibika, lakini Kioo alikuwa ameshakunja kitambaa. "Huyu atakumalizia," akamwambia, akimaanisha mimi. Nikammalizia. Kisha nikalifuta lile la kijivu kwa tina ili kuondoa waksi, na kulipiga msasa upya mpaka jua likapoa.

Nilipompeleka nyumbani dada alinivuta jikoni. Nikamweleza kwamba vidole navyo vimekufa ganzi. Hakushtuka.

"Alishika sufuria jikoni bila kitambaa," akasema, "akaniambia maji bado hayajachemka. Nimejua tangu hapo."

"Ukanyamaza? Wewe?" Nilikuwa na hasira naye, sifichi.

"Macho yalishaondoka. Ningemwambia na vidole, ningemwachia nini?"

Hasira haikuondoka. Tukarudi sebuleni. Kioo alikuwa ameelekeza uso ukutani, mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu. Dada alikaa ubavuni kwake, akaweka mkono wake ndani ya kiganja chake, na vidole vyao vikaingiana. Mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona amekaa kimya hata msibani, alikaa kimya. Tulisikia majirani wakipita nje.

"Umekaa?" Kioo akauliza.

"Nimekaa."

"Nipe mkono wako basi."

Dada akaniangalia mimi kwanza, kisha akamgeukia yeye.

"Unao," akasema. "Umeushika tangu nilipokaa."