Fundi Asiye na Sura

Shafiq Niyonzima alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja: alikuwa anaota mchana, macho wazi, huku mguu unaendelea kukanyaga cherehani. Unamweleza habari za kola, anaitikia, kumbe hayupo. Ukirudi jioni unakuta kola imekaa sawasawa, kwa hiyo huna la kumlaumu. Biryogo nzima, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, walishamzoea. Wakimwona ameukodolea macho ukuta wa jirani walikuwa wanasema, "Fundi kaenda sinema."

Na kweli alikuwa sinema. Ukuta ule mweupe uliotazamana na baraza lake, jua la saa nne likiupiga, ndio ulikuwa pazia lake. Alijiona humo, mkubwa kuliko nyumba, anatembea taratibu bila kusema neno, na mtaa mzima umekaa chini unamwangalia. Katika ndoto hiyo hakuwa anafanya lolote la maana. Alikuwa anaangaliwa tu.

Ukitaka kumwelewa, tazama kazi yake. Mwaka 1991 alikuwa na miaka thelathini na mbili, na nusu ya mabwana harusi wa Biryogo na Nyamirambo walikuwa wameoa ndani ya nguo zake. Harusi zilishaanza kupigwa video, naye alikuwa anakwenda kutazama kanda hizo kwa majirani. Suti yake inaingia ukumbini. Kanzu yake inakaa kwenye zulia. Watu wanasema bwana harusi kapendeza. Yeye hayumo, hata kwa nyuma, hata kichwa chake kikipita.

Ufundi aliachiwa na baba yake, mzee ambaye babu yake alifika na biashara kutoka pwani, akaoa hapahapa, akasahau kurudi. Mzee huyo alikufa ameacha picha moja tu, ya kitambulisho, na jasho la mfukoni lilishaifuta. Mjane wake, Mukagasana, alikuwa anaitoa mara mojamoja na kuielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mikono yake naikumbuka," alikuwa anamwambia mwanawe. "Pua imeniponyoka."

Siku moja ya Julai, vumbi la kiangazi limening'inia hewani kama pazia jembamba, msichana mwenye viatu vyeupe aliingia uchochoroni akitokea Kiyovu, mtaa wa wenye nazo. Aliitwa Spès. Alisimama kwenye mgahawa wa Kirezi, mama aliyekuwa anauza chai na chapati karibu na msikiti, akauliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha:

"Natafuta fundi. Iko wapi fundi mzuri sana?"

"Fundi gani, dada?"

"Fundi. Ile ya kweli. Iko na mikono."

"Mikono wanayo wote," Kirezi akasema. "Lakini nenda kwa Shafiq."

Kosa lilianzia hapo. Nyumbani kwao Kiyovu, mtu pekee aliyewahi kuitwa fundi alikuwa seremala aliyekuja kurekebisha milango. Kwa Spès, fundi maana yake mtu wa mbao. Hakujua kwamba Kiswahili hakichagui: wa saa ni fundi, wa baiskeli ni fundi, wa suruali ni fundi. Alitumwa kutafuta seremala. Akapata mshonaji, akarudi zake kwa furaha kutoa taarifa.

Aliyemtuma alikuwa kaka yake, Rutayisire. Huyu alisomea upadri akafukuzwa, akaenda Ubelgiji kusomea filamu, akarudi na kamera moja ya video na ugomvi na kila mtu. Alishaandika gazetini kwamba Yesu wa kwenye kalenda, yule mwenye nywele za dhahabu, ni Mbelgiji aliyepotea njia. Mapadri wakamsema kanisani Jumapili mbili mfululizo. Yeye akafurahi kama mtu aliyetumiwa zawadi. Sasa alitaka kupiga filamu ya Yesu wa historia: mtu mfupi aliyebabuliwa na jua, wa kijiji ambacho hakuna aliyekijali, aliyefanya kazi kwa mikono miaka na miaka kabla ya kusimama mbele ya watu. Wa kumwigiza alimtaka awe seremala wa kweli, na huyo Yesu angeongea Kiswahili.

Hapo ndipo watu walipokasirika zaidi. Kigali ile, Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva, ya wachuuzi, ya Waislamu wa Biryogo. Mzazi wa Kiyovu akimsikia mwanawe anakiongea, alikuwa anamwambia akanawe mdomo. Rutayisire alikuwa anawajibu kwamba hata yeye Yesu aliongea lugha ya sokoni, ile ambayo wakubwa walikuwa wanaikunjia pua.

Kesho yake Rutayisire akafika barazani. Akaona cherehani. Akamgeukia dada yake.

"Spès. Nilikwambia fundi."

"Si huyu?"

"Seremala, Spès. Mtu wa mbao. Huyu anashona suruali."

"Ulisema fundi. Nikauliza fundi. Mtaa mzima wakanyoosha kidole hapa. Sasa mimi nibishane na mtaa?"

Shafiq alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya shati lake. "Mimi ni fundi, bwana. Hakuna aliyewahi kunirudishia nguo."

Rutayisire akavuta kigoda akakaa. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ngoja. Kule kwenye Kigiriki cha zamani hawakuandika seremala. Waliandika neno la mtu anayetengeneza vitu. Sisi ndio tumeng'ang'ania mbao. Neno lenyewe ni fundi. Fundi, basi. Miaka kumi nasoma vitabu, halafu anakuja kunifundisha msichana asiyejua Kiswahili."

"Najua Kiswahili," Spès akasema.

Rutayisire hakumsikia. Alikuwa anamtazama Shafiq namna Shafiq anavyotazama kitambaa kabla ya kukipima. "Simama. Geukia kwenye mwanga. Hayo meno yako yamepishana hivyo tangu lini?"

"Tangu yaote."

"Usiyaguse. Nataka wewe uwe Yesu wangu."

Shafiq alitazama ukuta wa jirani. Alijiona palepale, mkubwa kuliko nyumba. Safari hii mtaa wote ulikuwa umesimama.

Mukagasana alikuwa anachagua maharage kwenye ungo aliposimuliwa. Aliendelea kuchagua. Yeye alizaliwa Mkatoliki, kwenye kilima chenye misheni, akasilimu alipoolewa, kwa hiyo aliwafahamu wote wawili: Yesu wa kwenye picha na Isa asiye na picha.

"Yule wa kwetu alikuwa ukutani, juu ya kitanda," akasema. "Ananiangalia nikila, ananiangalia nikivaa. Nilipokuja kwa baba yako nikakuta ukuta mtupu. Nikapumzika. Sasa wewe unataka kumrudisha ukutani, tena kwa uso wako?"

"Ni mchezo wa kuigiza tu, mama."

"Nabii haigizwi. Kamera ikiingia kwenye baraza la baba yako kwa kazi hiyo, chakula changu usile."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, labda Shafiq angeweza kubishana naye.

Wiki zile alikuwa mtu wa kuelea. Kiangazi kilikwisha, mvua za kwanza zikapiga mabati, naye amekaa tu anaitazama sindano kama imetoka mwezini. Akashona koti la mwalimu mmoja, mkono wa kulia akauweka kushoto. Mwalimu akalivaa, akasimama kama ndege aliyeteguka bawa.

"Fundi, mkono huu unaelekea nyuma."

"Liache hapa," Shafiq akasema. Tangu aanze kazi hakuwahi kukosea namna hiyo.

Baada ya swala ya alasiri akamfuata imamu, akamweleza yote. Imamu alikuwa mtu wa mzaha, hata kwenye mambo mazito.

"Ukiwa Isa Jumatatu," imamu akasema, "Jumanne nani atakukaripia ukichelewesha kanzu yangu?" Kisha akaweka mzaha pembeni. "Shafiq, uso wa mtume hatuna. Hakuna aliyetuachia. Utawapa watu kitu ambacho huna."

Alirudi nyumbani na maneno hayo, akalala nayo, akashona nayo. Yalikuwa yanafanana na kitu alichokwisha kusikia mahali, ila hakukumbuka wapi. Akakumbuka asubuhi Rutayisire alipokuja na kamera begani, na Spès nyuma yake amebeba shuka jeupe la kurudisha mwanga. Mukagasana aliwaona, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Bwana Rutayisire," Shafiq akaanza, "wewe uliandika kwamba picha ile ya kalenda ni uongo."

"Uongo mtupu. Hakuna ajuaye alikuwa na sura gani. Hakuna aliyemchora akiwa hai, hakuna hata aliyeandika."

"Basi ukiweka yangu, si uongo mwingine?"

Rutayisire akaiteremsha kamera.

"Wa kwao alikuwa Mbelgiji," Shafiq akaendelea. "Wa kwako atakuwa mtu wa Biryogo mwenye meno yaliyopishana. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba..." Rutayisire akaanza.

Spès aliangua kicheko hadi shuka likamponyoka. "Jibu, kaka. Si umesoma?"

"Nipige mikono," Shafiq akasema. "Mikono ya fundi anafanya kazi. Nani huyo, usiseme. Uso usiuguse."

Alipokuwa anasema hivyo, ile ndoto yake, yule mtu mkubwa wa ukutani, ilimwuma kama jino. Miaka yote ametamani kuangaliwa, na siku kamera imekuja mwenyewe anaiambia itazame chini. Rutayisire alizunguka uchochoroni mara tatu, akapiga teke jiwe, akawatukana watu wa dini zote kwa usawa. Kisha akarudi akapiga magoti mbele ya meza ya kukatia.

"Weka kitambaa," akasema.

Vita vilikuwa kaskazini, na mjini kulikuwa na vizuizi na askari wanaotaka vitambulisho. Asubuhi ile, hata hivyo, uchochoro ulikuwa kimya, mwanga unaingia wa rangi ya chai ya maziwa. Shafiq alitandika merikani, ile nguo ngumu isiyo na rangi. Cherehani ilifunikwa gunia, maana zama za Yesu haikuwepo. Akachora kwa mkaa badala ya chaki. Akachukua mkasi, akaufungua, akausogeza ukingoni mwa kitambaa. Akasimama.

"Mbona unasimama?" Rutayisire akauliza, jicho kwenye kamera.

"Nasoma kitu."

"Kitu gani?"

"Cha kabla ya kukata."

"Kata tu, fundi, betri inakwisha."

"Siwezi kukata bila hiyo."

Rutayisire aliisogeza kamera karibu na mkasi. "Basi simama," akasema kwa sauti ya chini. "Hata yeye lazima alikuwa anasimama."

Mkasi ukaingia. Baadaye sindano, pindo, uzi uliolowanishwa kwa ulimi. Kila aliposhona kipande, Shafiq alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kuulaza. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Hakujua hata kama anafanya.

Filamu yenyewe haikumalizika. Yesu wa kuhubiri Rutayisire hakumpata. Kila aliyemwendea alikuwa na uso, na kila uso sasa ulimkera. Kilichobaki ni dakika tisa za mikono. Mukagasana naye alishika neno lake. Miezi mitatu Shafiq alikula kwa Kirezi, chapati na maharage, maharage na chapati, na nyumbani alisalimiwa kama mpangaji.

Januari, Jumapili moja mchana, Rutayisire alileta kanda ile kwenye televisheni ya Kirezi. Watu wakajaa hadi mlangoni. Shafiq alikaa karibu na jiko. Kisha akaona mama yake anaingia, mtandio umefunika nusu ya uso, anakaa kwenye benchi la mwisho. Amekuja kuhakikisha kama uso wa mwanawe umo.

Mikono ikatokea. Mikono, kitambaa, mwanga.

"Sasa Yesu yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Anakuja."

"Anakuja lini? Huyu bado yuko kwenye vipimo."

"Pengine anashonewa nguo ya kuja nayo."

Walicheka, wengine wakatoka. Rutayisire alikuwa amesimama pembeni anang'ata kucha, yule mtu wa kugombana na maaskofu. Kwenye kioo mkasi ulifunguka, ukasogea kwenye ukingo. Ukasimama. Kirezi alidhani kanda imeganda, akanyoosha mkono kuipiga televisheni.

"Iache," Mukagasana akasema kutoka nyuma.

Mkasi ukaingia. Ikaja sindano. Ukaja ukucha, unapita juu ya mshono, taratibu, unaulaza.

Mukagasana alikuwa amesimama. Aliwapita watu kwenye mabenchi bila kuomba njia, akafika mbele, akainama hadi mwanga wa televisheni ukampaka uso.

"Rudisha nyuma," akasema.

Kirezi akarudisha. Mkasi ukafunguka, ukasimama.

"Baba yako alikuwa anasimama hivyo hivyo," akasema, bila kugeuka, lakini mgahawa mzima ulijua anaongea na nani. "Na huo ukucha. Nilikuwa namwambia utamwishia." Akatazama hadi mwisho wa mshono. "Kirezi, huyu leo asile hapa. Nimempikia. Rudisha tena."

"Mama Shafiq, hii ni mara ya tatu. Mkanda utakatika."

"Ukikatika," Mukagasana akasema, akivuta kigoda, "si fundi yupo."