Maneno Niliyopewa Nimsomee Mama

Ukumbi wa mikutano wa mji wa Kitui ulinukia nta nyekundu ya sakafu na sweta zilizolowa manyunyu ya Agosti. Harufu hiyo niliivuta Jumamosi tatu mfululizo nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa nimeketi safu ya mbele kando ya mama yangu, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Chama cha wapenda fasihi cha mjini kilikuwa kimeamua kumkumbuka baba yangu, Mwalimu Munyoki, mwandishi wa tamthilia, aliyekuwa amefariki miezi mitano kabla. Jumamosi mbili za kwanza zilikuwa za mihadhara, na ya tatu ilikuwa ya kuigiza mchezo wake wa mwisho, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona jukwaani. Watu walikuja wengi kuliko viti. Walikuja walimu, makarani, wauguzi waliotoka zamu wakiwa bado na viatu vyao vyeupe, na hata wakulima wa kijijini kwetu Tulia waliopanda basi la asubuhi kuja kuona ni kazi gani hiyo mwalimu wao alikuwa akiifanya miaka yote ile.

Mimi kazi hiyo niliijua. Baba alifundisha shule ya msingi pale Tulia siku tano za juma, na siku ya sita alikwenda Kitui kufanya mazoezi na wenzake wa chama. Mbele ya watu alikuwa na maneno kama mto wa mvua ya Novemba. Nyumbani maneno yalimkauka. Aliweza kumwandikia mfalme wa jukwaani hotuba ya kurasa tatu, lakini akitaka chumvi mezani aliinyoshea kidole. Mama, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyomwita mama, aliuza pojo na kunde sokoni, alikuwa amesoma madarasa mawili tu, na alimcheka kwa hilo. Alikuwa akisema, "Huyu mwanamume, ukitaka azungumze mjengee jukwaa jikoni." Baba naye alicheka. Nayakumbuka haya kwa sababu ni ya kabla ya kifo cha ndugu yangu Kimanzi, na baada ya hapo sikumbuki tena kuwaona wakicheka pamoja.

Kimanzi alikuwa na miaka minne, mimi minane. Mwaka huo mvua ilikuwa imekosa misimu miwili na maji tuliyachota kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Alianza kuhara na kuchemka mwili siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi, baba akiwa ameshavaa koti lake la kwenda Kitui, Mwaitu alisimama mlangoni na mtoto begani akamwambia, "Leo usiende. Huyu mtoto simwelewi." Baba alimgusa Kimanzi paji la uso. "Ni homa tu, itashuka," alisema. "Onyesho ni wiki ijayo, wananingoja. Kesho nitakuwa hapa." Akaenda. Saa sita mchana Mwaitu alimfunga Kimanzi mgongoni tukatembea hadi zahanati, tukakuta dawa zimekwisha na mhudumu anatuelekeza hospitali ya Kitui. Hatukufika. Njiani, kwenye kivuli cha mti wa miiba, mama alimshusha ampe maji, akamtazama, kisha akamfunga tena mgongoni bila kumpa maji, akageuka kurudi nyumbani. Sikuuliza. Nilitembea nyuma yake nikitazama mguu mmoja wa Kimanzi ukining'inia.

Baba alirudi Jumapili kama alivyoahidi, na chini ya kwapa alikuwa na mkate aliomnunulia Kimanzi, maana Kimanzi alipenda mkate wa dukani kuliko kitu chochote. Alikuta watu wamekaa uani. Alisimama na mkate wake, akamtazama kila mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia kwa neno.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na adabu nyingi mno. Mwaitu alimpikia baba, alimfulia, alimpigia pasi, lakini hakumwita tena kwa jina. Baba aliacha kwenda Kitui. Jina la Kimanzi halikutajwa. Mara moja nililitaja mimi kwa bahati mbaya, nikiuliza kikombe chake kiko wapi, na Mwaitu akaweka chini ungo wa pojo, akatoka, akaja kurudi jua likielekea kuzama. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mtoto hausubiri mshindo; hujifunza kutembea polepole ili asiuamshe. Miaka mitatu niliishi hivyo.

Kisha, siku moja ya likizo ya Desemba, baba aliniita chini ya paa la ghala akanipa daftari la shule lenye jalada la buluu. "Ni mchezo," alisema. "Nataka mama yako ausikie. Nikimsomea mimi hatanisikiliza. Msomee wewe, taratibu, mkiwa wawili." Niliusoma peke yangu kwanza. Uliitwa *Mkate wa Jumapili*. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua yule mwanamume anayerudi nyumbani na mkate ni nani na mkate ule ni wa nani. Mwishoni, baada ya mume kusema yote aliyoshindwa kuyasema, mke alimjibu maneno manne tu: "Ingia, jua ni kali." Nililia, nikalificha daftari ndani ya gunia la nguo kuukuu. Kila siku nilisema kesho. Niliuona ule ungo wa pojo ukiwekwa chini, nikaona mgongo wa mama ukitoka mlangoni, na nikaogopa kwamba safari hii hatarudi.

Baada ya wiki mbili baba aliniuliza, "Ulimsomea?" Nilisema ndiyo. Sijui ulimi uliongozwa na nini. "Akasema nini?" Nilisema kitu kilichofanana na ukweli kuliko vyote: "Alinyamaza." Baba alitikisa kichwa polepole. "Ana haki," alisema, akaomba daftari lake. Mwezi Machi alianguka mbele ya darasa la sita akiandika ubaoni. Madaktari walisema ni moyo. Watu husema mjumbe hauawi. Hawasemi lolote juu ya mjumbe asiyefikisha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyabeba nikiwa kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe. Bi Kalunde, katibu wa chama, mwalimu mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuwa amekuja kwetu kuomba maandishi ya marehemu, na Mwaitu alimfungulia sanduku akamwambia, "Chukua yote, mwalimu. Mimi sijui kuyasoma." Katika mihadhara ile miwili, mgeni kutoka Nairobi alisema baba aliijua lugha kama mfinyanzi anavyoujua udongo, na mzee mmoja wa chama alisimulia jinsi alivyowafundisha waigizaji kunyamaza jukwaani kwa hesabu ya pumzi tano. Watu walipiga makofi. Mwaitu alishika mkoba wake magotini, akiitika kwa kichwa kila jina la baba lilipotajwa, kama mtu anayesikia habari za jirani mwema.

Jumamosi ya tatu, saa nane mchana, pazia likafunguliwa. Mama alikuwa mtulivu hadi mwigizaji alipoingia na mkate kwapani, akakuta watu wamekaa. Nilisikia mkoba wake ukianguka. Mwigizaji alisogea mbele, akamgeukia mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti ndogo iliyofika hadi ukuta wa nyuma: "Uliniambia nisiende. Watu watasema sikukusikia. Nilikusikia, mke wangu. Nilikusikia, na nikaenda. Ningekuwa kiziwi ningelala usingizi."

Mwaitu alisimama. Alikuwa mfupi, na koti lake jeusi la maombolezo lilimzidi. Alimtazama mwigizaji yule usoni, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Munyoki, kwa nini hukuniambia mimi?"

Lilikuwa jina la baba, mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake kwa karibu miaka minne. Halafu nyuma kule mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakidhani ni sehemu ya mchezo, na makofi yakajaa mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Bi Kalunde ndiye aliyeelewa. Aliinua mkono waigizaji wangoje, akamshika mama kiwiko akamtoa nje, nami nikawafuata. Alituacha kwenye ngazi akaenda kutafuta maji.

Pale kwenye ngazi nilimwambia. Sikujipanga, yalitoka tu, daftari, gunia la nguo, wiki mbili, yote. Nilingoja kofi. Mwaitu hakunigeukia. Alikuwa akitazama barabara, ambako mwanamke mmoja alikuwa akivusha mbuzi watatu.

"Aliuliza nilisema nini?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia ulinyamaza."

Alifungua kilemba chake, akakifunga upya, kwa uangalifu, akipitisha ncha zote mbili nyuma. "Hukusema uongo sana," alisema. "Siku ya kwanza ningenyamaza. Hata ya pili." Akawatazama wale mbuzi wakimaliza kuvuka. "Lakini ya tatu ningempelekea chai pale anapoandika, Mwende. Angejua. Mtu wa miaka kumi na mitano nyumbani kwako, ukimpelekea chai anajua."

Bi Kalunde alirudi na maji akauliza kama wasimamishe mchezo. Mama alikunywa, akamrudishia kikombe. "Waendelee," alisema. "Nimekuja kumsikia, wacha nimsikie." Tukarudi kwenye viti vyetu. Niliyajua yaliyobaki, nikaanza kungoja yale maneno manne ya mwisho kama mwenye kiu angojavyo zamu yake kisimani. Mume alimaliza kusema, akapiga magoti. Mwanamke kwenye kigoda alimtazama. Nilihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu, nne, tano. Pazia likashuka. Baadaye Bi Kalunde alinionyesha ukurasa ule. Jibu la mke lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake, kwa mwandiko wa baba, iliandikwa: *Mke ananyamaza.*

Chama kile kilikufa taratibu. Wanachama walihamishwa, wengine walistaafu, na siku hizi tamthilia zinasomwa shuleni kwa ajili ya mtihani. Mimi ni mwalimu Kathonzweni, nimeolewa huku, na nimemzidi baba umri kwa miaka mingi. Watoto wangu walijua tangu wadogo kwamba kwangu hakuna kutumwa. Aliyetaka kumwomba baba yake radhi aliambiwa, "Yuko hapo nje, nenda mwenyewe," na walinung'unika, lakini walikwenda. Simu nazo zimefupisha safari za maneno. Leo mtu humwomba mkewe msamaha akiwa ndani ya basi na kujibiwa kabla hajashuka. Nawaonea wivu bila kujificha.

Mwaitu yuko hai, amepita miaka themanini, na bado anaishi Tulia. Naenda kumwona kila mwisho wa mwezi na unga na sukari. Hakuwahi kunipiga kwa lile jambo, hakuwahi kunirudia nalo, na hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Sijawahi kumwuliza. Njia nzima kutoka Kathonzweni nalipanga swali hilo, naligeuza, nalipunguza mpaka linabaki maneno machache ambayo hata mtoto angeyasema. Nikifika ananiandalia kiti, ananiuliza kama mvua imenyesha huko kwetu. Nasema imenyesha kidogo. Anasema na huku pia, kidogo.