Mnazi Niliopanda Kufundisha Sheria

Wakati wa vita makarani wa korti walichukuliwa jeshini, basi vijana wawili wakaletwa kwa majaribio: shemeji yangu, kakake mke wangu, na mwenzake. Wakapewa mwezi mmoja wasome sheria, kisha hakimu awatahini. Atakayeanguka, nje. Kwa shemeji, nje ni kurudi kubeba magunia bandarini, na mgongo wake ulishakataa.

Nikajitolea kuwafundisha. Mimi, tarishi, darasa la nne sikumaliza! Lakini nilikuwa nimebeba mafaili ya kesi miaka sita, nikaamini elimu imeniingia kupitia kwapani.

Njia ya kusoma niliijua moja tu, ile ya misheni: mwalimu auliza, nyinyi mwaitika pamoja.

"Mwizi ni nani?"

"Ni mtu achukuaye mali ya mwenzake bila ruhusa!"

Wiki tatu tukapiga kelele hivyo, hata kuku wa kwetu Kisauni wakajua mwizi ni nani.

Jumapili moja, baada ya ibada, nikasema leo ni vitendo. Nilikuwa nimemwomba mzee jirani tusomee shambani kwake, akasema karibuni. Nikapanda mnazi, nikaangua madafu mawili.

"Mimi ni mwizi?"

"Si mwizi! Mwenye shamba amekuruhusu!"

"Vyema kabisa!"

Mara sauti ya bibi mmoja ikatoka chini: "We bwana! Wafanya nini juu ya mnazi wangu?"

Jambo ambalo kila mtoto wa pwani alijua, mwalimu nilisahau: shamba laweza kuwa la huyu, mnazi ukawa wa yule.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nimeukumbatia mnazi.

"Marahaba, mwizi. Teremka."

"Shemeji, niokoe!"

Shemeji alikuwa ametoa penseli. "Bibi, mnazi aliupanda nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Na huyu alijua ni wako?"

"Muulize mwenyewe, si huyo atetemeka!"

"Shemeji, ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua, haki ya Mungu!"

Akaandika yote, mimi miguu ikiniwaka moto.

Siku ya mtihani hakimu aliuliza juu ya mtu aliyekutwa na mbuzi wa jirani. Yule mwenzake shemeji akaitika kwa sauti ya misheni, mwanzo hadi mwisho. Shemeji akasema, "Kwanza, bwana hakimu, mbuzi ni wa nani hasa? Na huyu mtu alijua?"

Hakimu akatabasamu, akamwandika kazi. "Nani alikufundisha kuuliza hivyo?"

"Shemeji yangu, bwana. Alipokuwa juu ya mnazi."

Yule mwenzake alipewa mwezi mwingine. Kwangu hakurudi. Nasikia alikwenda kusoma kwa yule bibi.