Gia ya Saba Inaishia Baharini

Baiskeli ya gia, ukishaiingiza ile ya saba, haisikii breki tena. Inakwenda mpaka njia iishe, na njia za Bagamoyo, Mungu atunusuru, zinaishia baharini. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye kijiwe cha kahawa: kuna bwana aliiweka ya saba kule juu mjini, akakatiza soko la samaki akipiga mayowe, wakaja kumvua pamoja na samaki changu. Nami, niliyefaulu fizikia masomo ya jioni, niliamini kila neno, hadi wale changu.

Basi kaka yangu aliponipa baiskeli yake ya gia saba, nilishukuru kwa mdomo tu. Kila asubuhi nilimpakia binti yangu kwenye keria ya nyuma, nimshushe chekechea, mtaa wa chini karibu na pwani, kisha niende Mbegani ninakouza barafu. Kile kidude cha kubadilishia gia nilikifunga kwa uzi wa nyavu, kwa mafundo ya kumshinda papa. Hata hivyo kila mteremko niliushuka nikisoma dua zote ninazozijua, na nyingine nikizitunga palepale.

Asubuhi moja tukaingia kwenye shimo. Nyuma yangu nikasikia: kacha! Mnyororo umehama.

"Baba, baiskeli imekohoa," akasema binti.

Mbele yetu bahari ilikuwa imejaa, inang'aa, inatungoja. Sikusubiri ifike ya saba. Nilimkumbatia mtoto, nikaruka naye mchangani. Baiskeli nikaiacha ikazame peke yake. Haikuzama; ililala hapohapo kama mbuzi aliyeshiba. Lakini goti la mwanangu lilikuwa linavuja damu.

Nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa fundi. "Ng'oa gia zote, niachie moja tu."

"Ipi sasa, bosi? Hii ndogo ya nyuma ina mbio, ila kilimani utashuka usukume. Hii ya kati ndiyo ya watu."

"Niwekee ile kubwa kuliko zote."

"Hiyo? Utapitwa na bata!"

"Waache wapite, wana haraka zao."

Kesho yake asubuhi wakapita kweli. Miguu yangu ilizunguka kama cherehani ya fundi wa sare, baiskeli ikisogea kama inaombwa. Nilifika Mbegani wavuvi wamepanga foleni, wamenuna, samaki wao juani. Msimamizi akaniambia bila kupandisha sauti, "Ukichelewa tena, kaa nyumbani." Sasa nikawa na hofu mbili: bahari mbele, njaa nyuma.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Kesho fundi ataniwekea gia ya kati, nisifukuzwe kazi. Lakini mtoto hapandi tena. Atatembea."

"Atembee mpaka chekechea? Kwa nini, baba watoto?"

Nikamsimulia yote: ile ya saba, mayowe, soko, changu. Akaacha kukuna nazi.

"Aliyeingia baharini ni mjomba wangu," akasema. "Baiskeli yake ilikuwa ya gia moja. Haikuwa na breki."